Kutoka Kubipu hadi Kufuliza: Mazoea ya Watumiaji wa Rununu na Majina ya Huduma Nchini Kenya

Utangulizi

Simu ya mkononi, au rununu kama wanavyopendelea kuiita waandishi wengi wa Kenya, ni miongoni mwa vyombo vichache vya kisasa ambavyo vimepokelewa mjini na mashambani, na msomi na asiyesoma, kwa muda usiozidi kizazi kimoja. Wanaoandika kuhusu chombo hiki aghalabu huhesabu: idadi ya laini, idadi ya wateja, mabilioni ya shilingi yanayopita hewani kila siku. Hesabu hizo zina faida yake. Hata hivyo, hazimwelezi mwanafunzi wa Kiswahili jambo lililo wazi kila anapofungua simu yake, nalo ni kwamba nchini Kenya, ambako mikataba na barua za benki huandikwa zaidi kwa Kiingereza, huduma nyingi kuu za simu zina majina ya Kiswahili. Sambaza, Bonga, Okoa Jahazi, M-Shwari, Fuliza, Lipa na M-Pesa, Lipa Mdogo Mdogo, Pochi la Biashara: orodha hii ingeweza kudhaniwa kuwa faharasa ya diwani ya mashairi.

Makala haya yanadhamiria kueleza majina hayo yalitoka wapi na yanafanya kazi gani. Hoja inayojengwa ni kwamba huduma kadhaa zilizostawi zaidi zilikuwa mazoea ya watumiaji kabla ya kuwa bidhaa za kampuni, na kwamba kampuni ilipoyachukua mazoea hayo na kuyapa majina, majina hayo hayakukaa kimya. Pale ambapo huduma ni deni, jina limeliondoa neno deni, na pamoja nalo limemwondoa mkopeshaji katika sentensi. Suala hili ni la kisarufi na la kimaisha kwa wakati mmoja.

Simu isiyopokelewa

Safaricom iliundwa mwaka 1997 ikiwa chini ya Telkom Kenya, na mwaka 2000, baada ya Vodafone ya Uingereza kupata asilimia 40 ya hisa, ikaanza kuuza huduma zake kwa umma. Mwaka huo huo iliingia Kencell, ambayo baadaye iligeuka kuwa Celtel (2004), kisha Zain (2008), kisha Airtel (2010). Kencell ilianza kwa kutoza mazungumzo kwa dakika nzima, hata kama mtu amesema maneno matatu tu na kukata. Safaricom ilitoza kwa sekunde. Tofauti hiyo, ambayo wachumi huitaja kila wanapoeleza jinsi Safaricom ilivyolitwaa soko, ilikuwa na tokeo jingine lisilotajwa sana: ilimzoeza mtumiaji kusema kwa kuhesabu. Salamu zikafupishwa. Yule ambaye katika mila zetu hangeuliza haja yake kabla ya kumjulia hali mwenyeji, watoto na mifugo, alijikuta akianza na haja na kumalizia na haja.

Mtumiaji aligundua pia kwamba simu inayolia bila kupokelewa haitozwi hata senti. Kutokana na ukweli huo mdogo ulizaliwa ustadi mkubwa, yaani kubipu, au kuflashi kama wasemavyo Wakenya wengi. Mtu hupiga, huiacha simu ya mwenzake ilie mara moja, kisha hukata kabla haijapokelewa. Kinachobaki kwenye kioo cha mwenzake ni namba tu. Lakini namba hiyo ni ujumbe kamili kwa anayejua kuusoma. Huweza kumaanisha "nipigie", "nimefika salama", "toka nje, nakusubiri langoni", au "nimekukumbuka" tu basi. Jonathan Donner, mtafiti aliyechunguza zoea hili nchini Rwanda na kuchapisha matokeo yake mwaka 2007, alionyesha kwamba lina kanuni zake: mwenye uwezo zaidi ndiye anayetarajiwa kupiga, na kijana anayemtafuta mchumba hujishushia hadhi akimbipu badala ya kumpigia. Kwa mwanafunzi wa pragmatiki huu ni mfano safi wa ishara isiyo na umbo lolote la maneno, ambayo maana yake yote imo katika uhusiano uliopo baina ya anayeituma na anayeipokea.

Kitenzi chenyewe kinastahili kutazamwa. "Bipu" ni sauti ya mashine iliyotiliwa irabu ya mwisho ili ikalike katika Kiswahili. Kimekataa kumalizikia kwa "a" kama vitenzi vyenye asili ya Kibantu, kikajiunga na kundi la "jibu", "ruhusu" na "samehe", yaani vitenzi vya mkopo (mkopo wa kiisimu, ambao kwa bahati njema hauna riba). Hakikuchelewa kupokea viambishi: amenibipu, usinibipu usiku, wanabipiana mchana kutwa. Hakuna baraza wala jopo lililoketi kukiidhinisha.

Kwa kampuni, kubipu kulikuwa mzigo, maana mitambo hufanya kazi na hakuna anayelipa. Kulizuia zoea hili kusingewezekana. Kilichowezekana ni kulichukua na kulifanya huduma: mteja asiye na salio akapewa ujumbe wa bure wa kumwomba mwenzake ampigie. Nchini Afrika Kusini wazo kama hilo lilizaa kesi mashuhuri. Nkosana Makate, aliyekuwa mhasibu mwanagenzi katika kampuni ya Vodacom mwaka 2000, alipendekeza huduma ya namna hiyo, ikaanzishwa mwaka 2001, naye akadai alipwe. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni ilifungwa na ahadi aliyopewa. Kesi hiyo iliuliza ni nani mwenye wazo. Haikuuliza kuhusu mamilioni ya watu ambao kwa kubipu kila siku walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba haja hiyo ipo.

Kredi inapogeuka kuwa sarafu

Zoea la pili lilihusu kadi za kukwangua. Nchini Uganda, kabla ya huduma rasmi za pesa za simu, watu walikuwa na utaratibu ulioitwa "sente". Mtu aliyeko Kampala alinunua kadi, lakini badala ya kuingiza namba zake katika simu yake mwenyewe, alimpigia mwenye kibanda cha simu kijijini na kumsomea namba hizo. Mwenye kibanda aliingiza kredi ile katika simu yake ya biashara, akatoa ujira wake, kisha akamkabidhi mama wa yule mtu wa mjini pesa taslimu. Hapakuwa na benki, wala fomu, wala sheria ya jambo hilo. Kilichokuwapo ni uaminifu, na ufahamu kwamba kredi ya simu ina thamani kwa yeyote mwenye simu, kwa hiyo inaweza kushika nafasi ya fedha.

Mwaka 2005 Safaricom ilianzisha huduma ya kumtumia mwenzako kredi na kuiita Sambaza. Uteuzi wa neno hili unafurahisha. Kitenzi "sambaza" ni kauli ya kutendesha ya "sambaa", na kinachosambazwa kwa kawaida huenda pahali pengi: habari husambazwa, uvumi husambazwa, mbegu na maradhi husambazwa. Anayesambaza hana haja ya kumjua mpokeaji. Katika huduma hii, kinyume chake, kitu kimoja humwendea mtu mmoja anayejulikana kwa namba yake. Watumiaji waliutatua ugumu huo wenyewe kwa kutumia kauli ya kutendea: "nisambazie hamsini". Kiambishi cha mtendewa kimekifunga kitenzi kilichokuwa kikitawanya, na leo kijana wa Nairobi anaposikia "sambaza" huenda akafikiria kumpa mtu kitu kabla ya kufikiria kukieneza. Upanuzi wa maana wa namna hii kwa kawaida huchukua vizazi. Huu haukuhitaji hata miaka 10.

Historia ya M-Pesa inafuata mkondo huo huo. Ilipojaribiwa kuanzia Oktoba 2005, ikiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone na kusaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, haikukusudiwa kuwa huduma ya kutumiana pesa. Ilikusudiwa kuwasaidia wateja wa Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo, kulipa mikopo yao kwa simu badala ya kubeba noti mkutanoni. Jaribio lilikuwa na wateja wapatao 500 na mawakala 8. Wateja wale walifanya walilotumwa, kisha wakafanya na mengine: walitumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, walimlipia jamaa deni lake ili awafanyie jambo fulani, na waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika ili wasiporwe njiani. Waliokuwa wakiliendesha jaribio waliona, wakabadili mpango. M-Pesa ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007, ahadi yake kuu ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani, yaani kazi ile ile ambayo dereva wa basi, bahasha na "sente" walikuwa wakiifanya. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imepata wateja zaidi ya milioni 1. Miezi michache baadaye, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, barabara na maduka yalipofungwa, wengi waliokwama walifikiwa na kredi na pesa za jamaa zao kwa njia hii tu.

Mazoea hayakukoma huduma ilipopata sheria zake. Kwa kuwa kutuma kuna ada na kutoa kuna ada, Wakenya walibuni fungu la maneno ambalo halimo katika tangazo lolote la mwanzo: "tuma na ya kutoa". Mpokeaji humwomba mtumaji aongeze kiasi kitakachokatwa na wakala, ili shilingi 1,000 zifike mkononi zikiwa 1,000. Kisarufi fungu hili ni la kuvutia kwa sababu nomino imetoweka na kiunganifu kimebaki peke yake: ya kutoa nini? Ada, pesa, gharama. Kila msemaji huijaza nafasi hiyo kimoyomoyo. Kijamii ni la kuvutia zaidi. Asiyeambiwa hilo akatuma kiasi kamili bila nyongeza huonekana bahili, na anayeongeza bila kuombwa husifiwa kuwa ameungwana. Sehemu ya adabu iliyopotea mazungumzo yalipoanza kuhesabiwa kwa sekunde imerudi kupitia ada ya wakala.

Jahazi, bahari shwari na mwendo usiokatizwa

Hadi hapa, jina na huduma vimekwenda pamoja bila kudhulumiana. Mambo hubadilika tunapofika kwenye mikopo.

Okoa Jahazi ni huduma ya kumkopesha kredi mteja aliyeishiwa. Anayeomba kredi ya shilingi 100 hukatwa ada ya asilimia 10, na deni lote hutolewa katika kredi atakayonunua baadaye. "Kuokoa jahazi" ni msemo uliokuwapo kitambo katika magazeti na hotuba, wenye maana ya kunusuru jambo linaloelekea kuharibika, na asili yake ni maisha ya mabaharia. Mwaka 2012 benki iliyoitwa wakati huo Commercial Bank of Africa ilishirikiana na Safaricom kuanzisha M-Shwari, huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu. Shwari ni hali ya bahari iliyotulia. Hivyo basi, mteja wa Kisumu, Kitui au Eldoret, ambaye huenda hajawahi kuiona Bahari Hindi, amepandishwa chomboni: jahazi lake linazama, linaokolewa, linaingia katika maji matulivu. Taswira hii imekopwa pwani na kuuzwa bara. Si vigumu kuona sababu ya kupendeza kwake, kwani baharini anayezama haulizwi amekosaje, na anayemwokoa hadai. Humo ndimo ilimo kasoro ya sitiari hii, maana jahazi la simu huokolewa kwa ada.

Januari 2019 ilikuja Fuliza. Inafanya kazi namna hii: mteja anataka kulipa shilingi 500 naye ana 300, badala ya malipo kukataliwa, huduma humjazia zile 200 zilizopungua, kwa ada ya kuingilia ya asilimia 1 na ada nyingine ya kila siku hadi alipe. Pesa yoyote itakayoingia katika akaunti yake ya M-Pesa hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Mwaka 2022 ada za kila siku zilipunguzwa, na wanaokopa kiasi kidogo wakapewa siku 3 za mwanzo bila ada hiyo. Wanaotoa mkopo wenyewe ni benki mbili, NCBA (iliyotokana na muungano wa ile Commercial Bank of Africa na NIC mwaka 2019) na KCB.

Kamusi zilizotangulia huduma hii, ikiwemo Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015, hazingeweza kuwa na maana hiyo. Fuliza ya zamani ni kuendelea kufanya jambo bila kusita: msafiri hufuliza mwendo, askari hufuliza risasi. Ni neno la kasi na la kutokatizwa. Aliyeliteua alijua Kiswahili vizuri, kwa sababu ndivyo hasa mteja anavyotaka ajisikie kaunta ya duka la vyakula, watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yake: aendelee, asikatizwe, asiaibike.

Tulinganishe basi kitenzi hiki na kile ambacho kimeondolewa. "Kopa" ni kitenzi chenye mwenzake. Palipo na kukopa pana kukopesha. Palipo na mkopaji pana mkopeshaji. Mtu hukopa kwa fulani au kutoka kwa fulani, na asipomtaja, msikilizaji atamuuliza. Kiswahili kina hata "wia", kitenzi ambacho mwenye mali ndiye mtendaji wake na mwenye deni husema "nawiwa", kana kwamba deni ni jambo analotendewa. Msamiati wetu wa madeni, kuanzia karadha hadi rehani, daima una watu wawili chumbani. "Fuliza" ina mmoja. Husemwa "nimefuliza mia mbili", na sentensi imekamilika. Mia mbili ni yambwa, mtendaji ni mimi, na hakuna swali la "kwa nani" linaloning'inia. Hakuna "mfulizishaji". Benki mbili na kampuni moja ya simu zimetoka nje ya sarufi.

Katika taaluma ya fasihi jambo hili lina jina, nalo ni tasfida. Wengine watasema kwamba kila biashara huteua maneno mazuri, na kwamba hakuna aliyelazimishwa. Ni kweli. Lakini tasfida za kawaida, za kifo na za haja za mwili, husitiri kitu ambacho wasemaji wote wawili wanakijua vyema. Tasfida ya deni husitiri kitu ambacho mmoja anakijua kuliko mwenzake. Isitoshe, jina la Kiswahili hukaa juu ya masharti marefu ambayo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inavitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi katika kifungu cha 7, na katika kifungu cha 46 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika nazo. Mtu aliyevutwa kwa lugha moja na kufungwa kwa nyingine ana haki ya kuuliza ni ipi kati ya hizo iliyotumiwa kumpa habari.

Kwamba uteuzi wa neno si jambo la mapambo tu kulidhihirika kati ya mwaka 2016 na 2019. Septemba 2016 sheria ya kudhibiti riba za benki ilianza kutumika nchini Kenya. M-Shwari ilikuwa ikitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, ambayo kwa hesabu rahisi ni asilimia 90 kwa mwaka ikiwa mtu atakopa kila mwezi. Wenye huduma walishikilia kwamba asilimia hiyo ni ada wala si riba, na ada ile ikabaki ilivyokuwa hadi sheria yenyewe ilipobatilishwa Novemba 2019. Tofauti ya maneno mawili, "ada" na "riba", ilipimwa kwa shilingi.

Ndugu zetu wa Tanzania nao wana majina yao, na kuyalinganisha kuna mafunzo. Vodacom ya huko ina Nipige Tafu kwa mikopo ya muda wa maongezi, na Songesha, ambayo ni pacha wa Fuliza kwa maana na kwa kazi. Tigo, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Yas, ilikuwa na Nivushe. Zitazamwe "Nipige tafu" na "Nivushe": zote mbili zina kiambishi "ni-". Anayesema ni mwenye shida, na anamwambia mtu. Msaidizi hatajwi kwa jina, ila yupo, kwa sababu mtu hawezi kusema "nivushe" akiwa peke yake ukingoni. Majina mengi ya Kenya, Sambaza, Okoa, Fuliza, Timiza, Lipa, ni amri tupu zisizo na kiambishi cha mtendwa. Haijulikani ni nani anamwamuru nani. Songesha inaharibu kidogo mpaka huu, kwa kuwa nayo ni amri tupu upande wa Tanzania. Hata hivyo mwelekeo unaonekana.

Wala si kwamba neno "kopa" halijawahi kujaribiwa. Airtel ya Kenya iliita huduma yake ya kredi Kopa Credo, jina lisilozunguka mbuyu. Kampuni ya Marekani ambayo sasa hujulikana kwa jina la Tala iliingia Kenya mwaka 2014 na programu iliyoitwa Mkopo Rahisi, kisha ikaliacha jina hilo. Lipa Mdogo Mdogo ya mwaka 2020, ambayo ni mpango wa Safaricom na Google wa kumpa mteja simu ya kisasa na kumlipisha kila siku, imeweka mbele neno "lipa" ilhali kilichotangulia malipo ni mkopo (wanaopenda ngeli wanaweza kujiuliza ni nomino gani iliyouleta upatanisho wa "mdogo mdogo", wakati mazoea ni "kidogo kidogo"). Serikali nayo, ilipozindua mfuko wake wa mikopo Novemba 30, 2022, iliuita kwa jina la hasla, yaani mtu wa kujitafutia riziki, na jina likamtaja mkopaji likanyamaza kuhusu mkopo.

Lugha ya wanaokatwa

Kile ambacho jina hunyamazia hakipotei. Kabla ya mwaka 2022 baadhi ya wakopeshaji wa kidijitali, wasiokuwa chini ya benki kuu, walikuwa wakichukua orodha ya namba zilizomo katika simu ya mkopaji, na alipochelewa kulipa waliwapigia jamaa, waajiri na marafiki zake. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina ya watu kwenye mashirika ya kumbukumbu za mikopo, na ikaagiza wanaodaiwa chini ya shilingi 1,000 wasiorodheshwe. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2021 na kanuni zilizoifuata mwaka 2022 ziliwataka wakopeshaji hao wapate leseni na zikapiga marufuku kuwaaibisha wateja kwa namna ile. Simu iliyokuwa imeondoa aibu ya kaunta ilikuwa imeirudisha kwa mlango wa nyuma.

Watumiaji, kwa upande wao, wamefanya walichofanya tangu siku za kubipu. Kwanza wamebadili mwenendo. Anayedaiwa na Fuliza akijua kwamba kila shilingi itakayoingia itakatwa, humwambia anayemlipa, "usinitumie kwa hiyo, nipe mkononi", au humpa namba ya ndugu, au huonyesha laini ya kampuni nyingine. Fundi, mama mboga na mwanafunzi anayesubiri nauli wote wanaijua hila hii. Haivunji deni, ila huchagua siku ya kulilipa. Na kuchagua siku ndilo jambo ambalo mdaiwa wa zamani, aliyeweza kumwendea mwenye duka na kumwomba subira hadi mwisho wa mwezi, alikuwa nalo.

Pili wamebadili lugha, na hapa ndipo mtafiti wa Kiswahili ana kazi ya kufanya. Fuliza imekuwa nomino. "Nina Fuliza" haimaanishi tena kwamba msemaji anaweza kutumia huduma hiyo; humaanisha anadaiwa. "Una Fuliza ya ngapi?" ni swali kuhusu kiasi cha deni. Neno lililoteuliwa ili kulifunika deni limegeuka kuwa jina la deni lenyewe, jambo ambalo wanasemantiki wanalifahamu vyema, kwani tasfida ikitumika sana hunuka kile ilichokifunika. Kisha kuna vitenzi vinavyoandamana nayo. Mtu aliyetumiwa shilingi 1,000 akabakiwa na 350 hasemi kwamba amelipa deni. Husema "Fuliza imekula", au "imemeza yote", au "pesa imeliwa na Fuliza". Katika sentensi hizo yule aliyekuwa ametoka nje ya sarufi amerudi, tena katika nafasi ya mtendaji, naye ana kinywa.

Kamusi zijazo hazina budi kuamua namna ya kuyaandika haya. Kuingiza "fuliza" kama kitenzi chenye maana ya pili, "tumia pesa za mkopo kukamilisha malipo kwa simu", ni rahisi. Kugumu ni kuamua kama nomino iingizwe kwa herufi ndogo, iwekwe katika ngeli ya I-ZI kama watumiaji wanavyoiweka tayari (Fuliza yangu, Fuliza zao), na ni mfano gani wa matumizi utakaofuata fasili yake: ule wa tangazo, ambamo mteja anaendelea bila kukatizwa, au ule wa mama mboga anayeomba apewe mkononi. Data ya mfano wa pili haimo katika matangazo wala katika taarifa za kampuni. Imo sokoni, kwenye matatu na katika foleni za mawakala, na hadi sasa ni wachache walioikusanya.